Mlango wa Shaibu na Mashine ya Nachingwea

Nkowe, Ruangwa
3 Juni 1956

Kwa mdogo wangu Abdalah Kaimu, Nachingwea.

Salamu zikufikie wewe, mkeo Sabaha na wote mlio chini ya paa moja. Huku Nkowe tumeamka salama. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa. Juzi amegombana na kuku mpaka majirani wakaja kuamua. Ufuta tumeukata na kuusimamisha, na mwaka huu umekubali. Mwanangu Zuena anakuamkia mjomba wake. Anasema umemsahau tangu upewe ovaroli yenye mifuko sita.

Sasa jambo lenyewe. Yule kijana wa Mkotokuyana huko kwenu, Mohamedi, uliyemkubali kwa mdomo wako wewe mjomba mtu ulipokuja wakati wa posa, wazee wake wametaja siku. Harusi ya Zuena ni Ijumaa, tarehe 2 Novemba.

Mila zetu unazijua, mama mzazi hamsindikizi binti. Angetangulia baba yake, na Shaibu wangu tulimzika mwaka juzi. Kwa hiyo nimekata shauri. Zuena ataingia kwa wakwe zake ndani ya gari la baba yake, ile pikapu aliyoinunua mnadani mashamba ya karanga yalipofungwa. Unakumbuka alivyoipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, na kwenye mlango wa kushoto akaandika jina langu kwa herufi nyeupe zenye kivuli chekundu, na chini yake akachora tawi la mkorosho lenye mabibo matatu. Wakwe wakiuona mlango ule watakuwa wamemwona Shaibu. Sina kingine cha mkono wake cha kupeleka kule.

Nami nalitunza. Kila Ijumaa nikishaoga nalifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha nalipaka mafuta ya ufuta bodi nzima, kama tunavyowapaka watoto wetu. Linang'aa mpaka watu wa Nambilanje wakipita na baiskeli zao wanasimama.

Tatizo ni njia. Kutoka hapa mpaka kwenu ni vumbi jekundu tupu, na siwezi kumpeleka mwanangu ukweni ndani ya gari lililofanana na kichuguu. Lazima lioshwe Nachingwea. Na huku zimefika habari kwamba kwenye gereji yenu yule Singasinga ametengeneza mashine inayoosha magari bila mkono wa mtu. Wengine wanasema gari linatoka jipya. Wengine wanasema linatoka limechunwa. Wewe uko hapo na macho unayo. Je, mashine ile ni salama kwa rangi? Nijibu kweli, usinijibu kunifurahisha.

Ni mimi dada yako,
Hajira binti Kaimu


Nachingwea
21 Juni 1956

Dada yangu mpendwa Hajira, shikamoo.

Barua yako nimeipokea na nimemsomea Sabaha mara mbili, mara ya pili kwa sababu alicheka sana ile habari ya kuku. Sisi wazima. Mtoto ameota meno mawili na ametuuma wote, hata mgeni hakusalimika. Mwambie Zuena ovaroli yangu sasa ina mifuko mitano, wa sita ulinaswa na msumari.

Dada, umeniuliza swali nililokuwa naliombea kila siku mtu aniulize! Sikiliza. Yule Singasinga, tajiri wetu, ni mtu wa ajabu. Amechukua injini ya pampu ya maji iliyotupwa, minyororo ya matrekta mabovu na mabomba yaliyokuwa yanaota kutu porini, akakaa navyo miezi minne bila kusema na mtu. Kisha akatuita. Ilikuwapo mashine! Kuna brashi mbili kubwa zimesimama kulia na kushoto, na ya tatu imelala juu, zote za katani, kila moja nene kuliko mama yetu na mimi tukikumbatiana. Gari linafungwa mnyororo mbele, injini inawashwa, mnyororo unalivuta polepole, maji yanamwagika kutoka mabombani na zile brashi zinazunguka. Dereva amesimama nje amekunja mikono. Hujamaliza sahani ya ugali, gari limetoka upande wa pili linachuruzika.

Siku ya kwanza nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Kuhusu rangi, sikujibu kwa furaha tu. Msimamizi wetu ni Felisian, ameosha magari kwa mkono miaka kumi na si mtu wa kusifu kitu. Yeye ana namna yake. Asubuhi jua likiwa chini anainama mpaka shavu linakaribia kugusa boneti, anatazama rangi kwa ubavu. Mikwaruzo yote inaonekana hapo, myembamba kama nyuzi za buibui. Amekagua magari arobaini, kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Hakuona mkwaruzo mpya hata mmoja. Mwisho akaniambia, "Abdalah, mkono wangu uliharibu rangi nyingi kuliko dude hili. Kitambaa kinadondoka chini, unakiokota, unaendelea kufuta na mchanga wake."

Ila ana amri mbili. Gari limwagiwe maji kwanza mpaka yanayotoka chini yawe meupe, na brashi zioshwe kila baada ya gari. Anayeosha brashi ni mimi. Kazi hiyo simwachii mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni salama. Ningekuwa mbele yako ningesema vilevile. Lakini usingoje siku ya harusi. Lilete mapema tulijaribu, ulione mwenyewe lilivyo, moyo wako utulie.

Mdogo wako,
Abdalah


Nkowe
14 Julai 1956

Mdogo wangu Abdalah,

Nimechelewa kukujibu. Ningeweza kusema ni ufuta, kwa kuwa tulikuwa tunaupukuta, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sitaki. Mama hajambo. Mbuzi wa Idi tumeshampata, mweusi, mkaidi, na mama amempenda kwa hiyo sijui nani atathubutu kumchinja.

Barua hii anakuja nayo Saturnini, dereva wangu, pamoja na gari. Ndiyo, nimelitoa. Ulivyoisifu mashine ile, hata Zuena alitaka kuja kuiona badala ya kusuka ukili wake. Na mimi nimefurahi kwamba mdogo wangu yuko mahali panapotengenezwa vitu kama hivyo. Wewe tangu mdogo ulikuwa unafungua saa za watu.

Lakini nataka ujue unachopokea. Watu wote wanajua Shaibu alikuwa fundi wa kuandika vibao. Wasilolijua ni kwamba aliponioa sikujua hata herufi moja. Nilikuwa naona haya, naye hakuwahi kuniuliza. Siku alipomaliza ule mlango akaniita uani, akanishika kidole, akakipitisha juu ya rangi iliyokuwa imekauka. Akasema, "Hii ndiyo H. Hii A." Tukafika mwisho. Akasema, "Umeshasoma jina lako, sasa yaliyobaki ni madogo." Kila jioni kwa miezi sita nilikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa gari. Hii barua unayoisoma imetoka pale.

Basi, mlango wa kushoto, Abdalah. Mengine yote ni bati.

Nimelipaka mafuta mara mbili wiki hii, ili lifike likiwa zuri mbele ya huyo Felisian mwenye macho. Asije akasema watu wa Nkowe hawajui kutunza.

Dada yako,
Hajira


Nachingwea
25 Agosti 1956

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mtoto anatambaa. Sabaha amepanda mbaazi nyuma ya nyumba. Upepo mwaka huu ni mwingi mno.

Gari lilifika salama, na nimelipokea. Usishangae limekawia, kuna vitu vya kurekebisha kidogo na tunangoja vifaa. Mashine yenyewe ilisimama kwa muda, Felisian alikaa siku tatu anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Saturnini anarudi kwa baiskeli ya rafiki yangu, ana kazi huko.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi. Msalimie mama.

Abdalah


Nkowe
9 Septemba 1956

Abdalah,

Hatujambo. Mikorosho imetoa maua vizuri. Salamu zimekwisha.

Wewe ndiye uliyejaza kurasa nne kuisifu mashine. Sasa gari langu limepita humo na umeniandikia mistari minane, mmoja wa mbaazi. Saturnini amerudi, nikamuuliza gari likoje, akaniambia baiskeli imetoboka tairi. Nimemuuliza tena, akaenda kupasua kuni ambazo sikumtuma. Mtu yule tangu nimjue hajawahi kupasua kuni kwa hiari.

Harusi imebaki wiki saba na siku chache. Zuena ameanza kuulizwa na wenzake ataingia na nini Mkotokuyana, anawajibu, "Na baba." Nimemsikia kwa masikio yangu.

Niandikie mlango uko vipi.

Hajira


Nachingwea
19 Septemba 1956

Dada yangu Hajira,

Shikamoo, na usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Mlango umeharibika.

Naandika kama ilivyokuwa. Siku ile gari lako lilipofika, watu walijaa. Nilikuwa nimewatangazia wote, njooni mwone kazi ya shemeji yangu. Walikuja mafundi, akaja karani wa posta, akaja na Singasinga mwenyewe. Akapitisha kidole hewani akifuata herufi, bila kuzigusa, akasema yule aliyeandika hapa hakutumia rula. Alisema hivyo kwa heshima kubwa. Nikajiona nimerefuka. Kisha nikalifunga mnyororo na kuwasha injini.

Lilipotoka na kukauka, kijani chote kilikuwa kimefifia. Felisian hakuhitaji hata kuinama, mikwaruzo ilionekana kwa mtu aliyesimama, duara juu ya duara, kutoka bampa mpaka nyuma. Jina lako bado linasomeka lakini kivuli chekundu kimekwenda sehemu nyingi. Tawi la mkorosho halipo, dada. Mabibo yote matatu hayapo. Limebaki bati lenye ukungu wa kijani.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Singasinga alivua miwani yake akaifuta muda mrefu.

Kosa ni langu. Mashine haikukosea. Nilikuwa na haraka ya kujionyesha, sikulimwagia maji ya kutosha kama Felisian anavyoamuru. Ndiyo maana nilishindwa kuandika. Kila nikikaa nakiona kile kidole chako na mkono wa marehemu.

Felisian anajua kupaka rangi na amesema ataurudia mlango bila malipo yoyote. Nimemkatalia mpaka nipate ruhusa yako. Gari nimelifunika turubai na halijaguswa tena. Likirudi kwako naomba usilipake chochote, liache vivyo hivyo.

Nimekukosea wewe, nimemkosea Zuena, na nimemkosea mtu ambaye siwezi kumwendea kumwomba radhi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Mdogo wako,
Abdalah


Nkowe
3 Oktoba 1956

Mdogo wangu Abdalah,

Salamu kwako, kwa Sabaha na kwa huyo mwenye meno. Mama anakusalimu, anauliza mbona hujaja na kwa nini mimi sili. Zuena nimemwambia gari liko kwa mafundi. Sikumwambia zaidi.

Barua yako nimekaa nayo karibu wiki mbili. Ya kwanza nilikuwa nalia na kukutukana, nikufiche nini. Nilikwenda kisimani na midomo inacheza, watu wakadhani nasoma dua. Wiki ya pili nikaanza kuisoma kwa utulivu, kama Shaibu alivyonifundisha, neno kwa neno, bila kuruka.

Nikaona kitu kimoja hakikai vizuri. Uliandika Felisian alisafisha brashi kwa mafuta ya taa, siku tatu. Nikajiuliza, vumbi linaoshwa kwa maji, mafuta ya taa ya nini? Mimi ni mwanamke wa jikoni. Mafuta ya taa natumia mkono ukiwa na kitu kinachonata. Kisha ukaniambia nisilipake chochote. Mtu aliyeharibu rangi kwa uhaba wa maji anawezaje kukumbuka mafuta yangu ya Ijumaa?

Nikamwita Saturnini, nikamketisha, nikamwekea chai ili asiende kwenye kuni. Nikamuuliza, "Abdalah alimwaga maji au hakumwaga?"

Akatazama kikombe. "Alimwaga, mama Zuena. Alimwaga ndoo nyingi, mimi mwenyewe nilichota. Ila maji yalikuwa yanateleza tu, hayashiki. Yanakuwa vitone vitone yanashuka, na vumbi linabaki."

"Na brashi?"

"Zilinukia ufuta, mama. Gereji nzima ilinukia kama tunakaanga kitu. Mjomba akatwambia wote tusikwambie."

Ndugu yangu, hata hapo sikutaka kuamini. Lipo debe moja ambalo Shaibu alijaribia rangi ile ya kijani kabla ya kupaka gari. Nikaligawa kwa chaki katikati. Upande mmoja nikaupaka mafuta ya ufuta, nikauacha njiani upigwe vumbi, kesho nikapaka tena, siku tatu. Upande wa pili nikauacha uchafuke tu bila mafuta. Nikamwagia maji pande zote mbili, nikafumua kamba ya katani, nikasugua sawasawa huku na huku, huku nahesabu.

Upande usio na mafuta ulitakata, rangi nzima, naweza kujiona meno. Upande wangu ulikwanguka. Lile vumbi lilikuwa limelala ndani ya mafuta, maji hayakuliondoa, na katani ikaliburuta juu ya rangi.

Nilikaa chini uani, debe mapajani, jua likanichoma mpaka Zuena akaja kuniinua.

Ni mimi, Abdalah. Miaka miwili nimekuwa nikilipaka mchanga kwa mapenzi, kila Ijumaa, na ile ya mwisho mara mbili. Hiyo mashine ingekutana na gari la mtu mwingine yeyote lingetoka salama, kama yale arobaini. Nawe ulijua tangu saa ile uliponusa brashi. Ukachukua kosa lote ukalibeba mwenyewe, ukakubali dada yako akuone mzembe mbele ya watu wako, ili nisijue kwamba mkono ulioufuta mkono wa Shaibu ni huu wangu.

Nimekuwa nikikutania kwa ovaroli. Leo nasema wazi: sijui nilifanya nini hata nikapewa ndugu kama wewe. Marehemu alikuwa akisema, "Huyu Abdalah moyo wake hauenei kifuani," nami nikidhani anakucheka kwa wembamba wako.

Sasa usiniombe radhi tena, na usimlaumu Singasinga wala dude lake. Mtu akikuuliza kama ni salama kwa rangi, mwambie ni salama, ila kwanza amuulize dada yake amelipaka nini.

Felisian mshukuru sana, lakini asiguse mlango. Nakuja Jumamosi tarehe 13, nirudi kabla ya Maulidi. Nitafutie rangi nyeupe na nyekundu, ya kijani ninayo iliyobaki. Brashi ya Shaibu nimeihifadhi ndani ya kitambaa, nywele zake bado laini. Nitakachoandika utakiona hukohuko.

Dada yako,
Hajira


Nachingwea
6 Novemba 1956

Dada yangu Hajira, shikamoo, na mama shikamoo yake pia.

Najua unaingoja barua hii kuliko zote. Binti yako amefika, ameingia, amepokelewa vizuri, na jana nimepata habari kwamba amekula. Mtoto wangu ametafuna kona ya bahasha hii, kwa hiyo usidhani ni panya wa posta. Sasa nikupe mambo kwa mpangilio, kama ulivyoniagiza.

Naanza na siku ile ya tarehe 13, ambayo bado naiona. Ulifika umevaa kanga yako ya safari, ukavua viatu, ukakaa kwenye kopo la mafuta lililopinduliwa mbele ya mlango, na mafundi wote wakaacha kugonga. Uliosha bati kwa sabuni, ukaweka kijani, ukanywa chai, ukangoja ikauke. Felisian alikuwa anakutazama kwa ubavu kama anavyotazama boneti. Jina lako hukuligusa, uliliacha na mikwaruzo yake. Ukachovya brashi, na pale tawi lilipokuwa ukaandika SHAIBU, herufi kubwa, bila rula. Ulipomaliza ulisema tu, "Yeye aliandika langu." Ukauliza wapi pa kunawia mikono.

Singasinga bado anaizungumza siku hiyo. Anasema amekaa nchi tatu na hajamwona mtu aliyejifunza kuandika kwenye mlango wa gari akaandika vile. Nilimwambia ndiye dada yangu, akasema ameshajua, tunafanana ukaidi.

Basi Ijumaa walifika hapa saa nne, Saturnini kwenye usukani, na gari jekundu tupu kwa vumbi. Hata jina halisomeki. Zuena tukamteremsha, Sabaha akampokea ndani na kumfungia kanga mpya. Mimi nikabaki na agizo lako: lipitishwe kwenye mashine. Dada, nilitaka kukuasi. Ndoo ilikuwa hapo, kitambaa kilikuwa hapo, ningeweza kuosha kwa mkono na usingejua. Lakini ulisema nisipolipitisha, utakuwa umeniambia mashine haina kosa kwa mdomo tu.

Felisian alimwaga maji mwenyewe. Yalishika, yakatanda bodi nzima, hayakuteleza, yakatoka mekundu, kisha ya chungwa, kisha meupe. Akanusa brashi moja moja, akanitazama, akasema, "Haya." Nikashika mpini wa kuwashia. Singasinga akaja kuweka mkono wake juu ya wangu, tukausukuma pamoja.

Lilitoka polepole, boneti kwanza, kisha mlango. Felisian akainama, shavu karibu na rangi, akakaa hivyo kwa muda nilioona hauishi. Akainuka. "Hakuna kipya," alisema. Nyeupe yako ilikuwa nyeupe, nyekundu yako nyekundu. B tu imevimba tumbo kidogo, lakini ndivyo ulivyoiandika.

Mkotokuyana tulifika baada ya sala ya Ijumaa. Saturnini hakulikimbiza kabisa, alitaka kila mtu aone. Ngoma zilikuwa zinapigwa, wanawake wakapiga vigelegele, wakamzunguka Zuena wakamwingiza ndani na kanga yake usoni. Mimi nikabaki kwenye gari kama mjomba anavyotakiwa, nangoja kukaribishwa.

Akaja mkwe wetu, baba yake Mohamedi. Ni mzee mtaratibu, na kusoma hajui. Akaliangalia gari lote, akazunguka, akafika mlango wa kushoto akasimama.

"Mjomba, hapa pameandikwa nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole, juu na chini. "Hajira. Shaibu."

Majina anayajua tangu wakati wa posa. Akasema, "Kumbe wamekuja."

Akageuka akawaita vijana, akaagiza viletwe viti viwili vya ndani, vile vya wageni. Vikawekwa kando ya mlango, na mbele yake bilauri mbili za maji. Chakula kikaandaliwa, watu wakala, wengine wakakosa pa kukaa wakala wamesimama. Viti vile viwili hakuna aliyevikalia mpaka tunaondoka.

Mdogo wako,
Abdalah